Nyumba Yako Unaijua?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya jiko, watoto na afya. Mwezi huu tunaomba tukae pamoja tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumewaachia waume zetu, nalo ni kodi ya nyumba na karatasi zake.

Jirani yetu mmoja hapa Unguja alifiwa na mumewe. Matanga yalikuwa hayajapoa, akaja kijana na daftari mkononi, akasema nyumba inadaiwa. Mama yule hakuuliza neno. Alifungua fundo la kanga, akatoa pesa, kijana akaandika katika daftari lake akaenda zake. Miezi michache baadaye ikaja barua ya kweli, na deni lilikuwa palepale. Alipofungua sanduku la marehemu alikuta risiti za saruji, picha ya harusi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa tatu. Karatasi ya nyumba hakuiona. Alikuja kwetu analia, akasema: "Nimeishi humu miaka ishirini na sita, lakini nyumba yangu siijui."

Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu wengi wetu tuko kama yeye.

La kwanza tulijue hili: hapa kwetu nyumba na ardhi ni vitu viwili. Bibi zetu walilijua hilo vizuri. Ng'ambo ya zamani watu walijenga nyumba zao juu ya viwanja vya watu wengine, na katika wenye nyumba hizo wanawake walikuwa wengi. Wenye viwanja walipozidi kudai kodi, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa, na mwaka 1928 mgomo huo ukatikisa mji. Wanawake hawakubaki nyuma. Serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Wengi wa bibi hao hawakujua kusoma, lakini kila mmoja alijua kipi ni chake, kipi si chake, na nani anamdai.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilichukuliwa na Serikali. Sheria ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mama anayesema "hii nyumba ni yetu" anapaswa kuwa na jibu la swali la pili: na hapa chini tumekaa kwa haki gani? Je, mna hati ya matumizi ya ardhi? Mmekodishwa? Au nyumba ni ya Serikali au ya wakfu, nanyi ni wapangaji tu? Katika Mji Mkongwe nyumba za namna hizo ni nyingi.

La pili, tujue nani anadai nini. Zanzibar ina sheria yake ya kodi ya majengo, na anayekusanya ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo kabla ya mwaka 2022 tuliijua kama Bodi ya Mapato. Mambo ya ardhi na hati yako Kamisheni ya Ardhi. Ada za taka na usafi ni za Baraza la Manispaa. Na ukipangisha vyumba, pato hilo lina kodi ya mapato, ambayo ni jambo la Muungano, nayo iko chini ya TRA. Mtu akikwambia "unadaiwa kodi ya nyumba", muulize kwa upole ni ipi kati ya hizo.

Wenye ndugu Dar es Salaam wamesikia habari ya kukatwa kodi ya jengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Utaratibu huo ulianza Bara mwezi Agosti 2021, kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 60,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa. Lakini kodi ya majengo si jambo la Muungano. Ya dada yako wa Temeke si kipimo cha nyumba yako ya Kikwajuni. Ya kwako ukaulize hapahapa.

La tatu, njia ya kulipa. Usimpe mtu pesa taslimu mlangoni, hata awe na daftari zuri namna gani. Mwombe karatasi ya deni, kisha nenda mwenyewe ofisini. Huko utapewa namba ya malipo ya Serikali, na kwa namba hiyo utalipa benki au kwa simu. Soma risiti kabla hujaikunja: jina ni la nani? Nyumba ni ipi? Mwaka gani? Ukiona kosa, sema siku hiyohiyo. Na kama kiasi kinakushinda, usiifiche barua chini ya godoro. Nenda ukaeleze. Deni lililofichwa halifi.

Jioni moja, watoto wakishalala, mwombe baba watoto mtoe karatasi zote mziweke mezani. Wengine wataogopa kuonekana wanamtabiria mume kifo. Mwambie kwa heshima kwamba unataka kumsaidia. Tafuteni mfuko mmoja wa plastiki, mtie hati, mkataba wa mauziano, kibali cha ujenzi na risiti zote. Toeni nakala, mweke kwa ndugu mnayemwamini. Risiti ya kodi haikufanyi mwenye nyumba, lakini inasaidia kuonyesha ni nani amekuwa akiitunza.

Jirani yetu alianzia kwa sheha, ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha. Alikwenda ofisini mara tano, na safari ya tano nakala ya hati ikaonekana. Pesa za kijana wa daftari hazikurudi. Deni alilipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Siku hizi mfuko wake umo kabatini chini ya mashuka, na binti yake mkubwa anajua ulipo.

Je, wako uko wapi?