Detroit hawakufukuza watoto, waliwatafutia kaka zao

Wiki hii wale wa soka naomba mnivumilie, Simba na Yanga zipo tu, hazikimbii. Leo ni zamu ya kikapu, na hasa timu moja ya Marekani ambayo kwa miezi miwili ilikuwa kichekesho cha dunia nzima.

Timu yenyewe ni Detroit Pistons. Kwa wasioijua, hii si timu ya uchochoroni, ni timu iliyobeba ubingwa wa NBA mwaka 1989, 1990 na 2004. Lakini msimu wa 2023-24 sijui iliingiliwa na jini gani. Ilianza vizuri tu, mechi tatu za kwanza ikashinda mbili. Halafu ikafungwa. Ikafungwa tena. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi tarehe 28 Desemba 2023 ikawa imefungwa mechi 28 mfululizo, balaa ambalo hakuna timu ya NBA iliyowahi kulipata ndani ya msimu mmoja. Jamani, 28! Mtu unaanza kufungwa mvua za vuli hazijakolea, unamaliza watu wanakula pilau la Krismasi.

Mashabiki wa kwao walifika mahali wanaimba uwanjani kumtaka mwenye timu aiuze. Ile mechi ya 27 walicheza na Brooklyn, na kijana wao Cade Cunningham akafunga pointi 41. Bado wakalala 118 kwa 112. Sasa hebu jiweke wewe. Una miaka 22, umetupia 41 peke yako, unaingia chumbani kuvua viatu, na huko nje watu wanataka timu iuzwe kama daladala bovu. Noma. Walikuja kupata ahueni tarehe 30 Desemba walipoifunga Toronto 129 kwa 127, lakini msimu uliisha wameshinda 14 na kufungwa 68.

Kijiweni kwetu habari hii ilizua ubishi mpaka kahawa ikapoa. Wengi walisema tupa wote, sajili wapya. Mimi ndio dawa ninayoiogopa, maana tunaijua. Timu ikipigwa mara tatu, kamati inakutana usiku, asubuhi kocha hana kazi na vijana wanane wameachwa bila hata nauli. Mwaka unaofuata wanakuja wapya, nao wanafungwa, nao wanaachwa.

Mshikaji wangu mmoja anayecheza pale viwanja vya Don Bosco Upanga akaja na lake. "Mwanangu, we hujui kikapu cha Marekani. Timu ikishakufa inafungwa makusudi, ili ipate chaguo la kwanza kwenye drafti." Kwa faida ya wengine, drafti hii si ile ya vizibo vya soda tunayocheza chini ya mwembe. Ni siku ambayo timu za NBA zinachagua vijana wapya, na zile dhaifu zinapewa nafasi ya kuchagua mapema. Ili watu wasifanye mchezo mchafu, nafasi za juu zinaamuliwa kwa bahati nasibu.

Sasa sikia uhondo wa bahati nasibu hiyo. Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu za mkiani kila moja ilipewa nafasi 14 tu katika 100 ya kuchagua wa kwanza. Yaani hata ukiwa wa mwisho kabisa, kuna karibu nusu kwa nusu ya kuangukia nafasi ya tano. Na Detroit ndivyo ilivyowakuta, tena si mara moja! Msimu wa 2022-23 walikuwa wa mwisho ligi nzima, ushindi 17 tu, mwaka ambao kila timu ilikuwa inaomba dua impate yule Mfaransa mrefu Victor Wembanyama. Mipira ilipochezeshwa, San Antonio wakaondoka na mtu wao, Detroit wakapewa nafasi ya tano. Mwaka 2024 wakawa wa mwisho tena, na wakapewa ya tano tena. Halafu 2025 Dallas, waliokuwa na nafasi mbili pungufu katika 100, ndio wakaokota la kwanza na kumchukua Cooper Flagg. Ukijenga nyumba kwa pesa ya bahati nasibu, usishangae ukilala nje.

Mshikaji hakukubali. Akanitajia Philadelphia. Nikamwambia asante, umenirahisishia. Chini ya meneja Sam Hinkie, Philadelphia walikaa misimu mitatu, 2013 hadi 2016, wakishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Kweli walimpata Joel Embiid wa Cameroon, mtu mkubwa kwelikweli. Lakini kuanzia hapo hadi 2025 hawakufika hata fainali ya Kanda ya Mashariki. Embiid alikuwa anaumia, wenzake wanakuja na kuondoka. Kufungwa kumbe nako kunazoeleka, kama kuchelewa kazini. Kijana anayefundishwa kwa miaka mitatu kwamba matokeo si kitu, siku ya nne utamwambia nini?

Oklahoma City je? Nao walipita bondeni, msimu wa 2021-22 walishinda 24 tu, na Juni 2025 wakawa mabingwa. Sawa. Ila yule nahodha wa meli, Shai Gilgeous-Alexander, hawakumpata kwa kushika mkia. Walimpata mwaka 2019 kwa kubadilishana na Clippers, wakamtoa Paul George, na humohumo wakapewa haki za kuchagua vijana miaka ya mbele. Moja ya haki hizo ndiyo iliyowapa Jalen Williams, aliyechaguliwa wa 12. Hiyo ni akili ya biashara, si ufundi wa kufungwa.

Na hapa lazima nimtaje kaka yetu, maana kila ukizungumzia drafti na Mtanzania yeyote jina hili linakuja lenyewe. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, sentimita 221, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009. Mtanzania wa kwanza NBA! Aliyechaguliwa wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Watu wanapenda kumcheka Thabeet kwa hilo, na mimi kicheko hicho kinaniudhi. Si yeye aliyejichagua. Chuoni Connecticut alikuwa ukuta, alizuia mipira mpaka timu ikafika nusu fainali ya taifa ya vyuo, tena nusu fainali ile ilichezwa Detroit hiyo hiyo. Kosa ni la waliokaa mezani. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol anayecheza katikati, chini ya kikapu, palepale. Sasa unamchukua kijana aliyekianza kikapu akiwa tayari kijana, anayehitaji dakika nyingi uwanjani ili ajifunze, unamweka nyuma ya mtu ambaye hatoki? Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 wakamshusha ligi ndogo, Februari 2011 wakampeleka Houston. Memphis walitazama urefu, hawakutazama kiti kilichokuwa wazi.

Kiti kilicho wazi. Hapo ndipo Detroit walipotumia kichwa.

Kiangazi cha 2024 walifanya usafi wa juu kwanza. Meneja akaondoka, akaletwa Trajan Langdon. Kocha Monty Williams, aliyekuwa amepewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5, alifukuzwa baada ya msimu mmoja tu, akaja J.B. Bickerstaff. Hadi hapo ni kama timu yoyote iliyofungwa. Watu wakasubiri kuona vijana wakiuzwa mmoja mmoja. Wapi! Cunningham alibaki, tena akapewa mkataba mpya mrefu. Jalen Duren alibaki, Ausar Thompson alibaki, Isaiah Stewart alibaki, Jaden Ivey alibaki. Watoto walewale wa mechi 28.

Langdon aliona nini? Naomba nieleze taratibu, maana huu ndio utamu wenyewe. Cunningham anachezea mpira mkononi, anapenda kupenya katikati. Duren na Thompson wana nguvu, wanaruka kama chui, ila kutupia kutoka mbali si kazi yao. Na mrushaji wao mtu mzima, Bojan Bogdanović, alianza msimu ule wa balaa akiwa majeruhi. Kwa hiyo wapinzani walikuwa wanafanya jambo rahisi sana: wanajazana chini ya kikapu. Cunningham akiingia anakuta msongamano kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Aende wapi?

Basi dawa haikuwa nyota mwingine. Dawa ilikuwa watu wazima wa kusimama pembeni na kutupia mitatu mitatu, ili mabeki walazimike kuwafuata huko na katikati pabaki peupe. Wakamleta Tobias Harris kwa miaka miwili, dola milioni 52, mtu ambaye aliwahi kuichezea Detroit huko nyuma na yuko NBA tangu 2011. Wakamchukua Malik Beasley kwa mwaka mmoja, dola milioni 6, ambayo kwa NBA ni bei ya mtumba. Tim Hardaway Jr. ndiye aliyenichekesha. Dallas walitaka kumpunguza ili wapate nafasi ya kumlipa Klay Thompson, kwa sababu ligi ile ina kikomo cha mishahara. Detroit walikuwa na nafasi tele kwenye kikomo chao. Wakamtoa Quentin Grimes, wakampokea Hardaway, na Dallas wakawaongezea haki tatu za kuchagua raundi ya pili. Ni kama jirani anahama, anakupa kabati zima, na juu yake anakuwekea gunia la mchele ili ulibebe haraka.

Matokeo? Beasley alicheza mechi zote 82 na kutumbukiza mitupo 319 ya pointi tatu, mmoja pungufu ya Anthony Edwards aliyeongoza ligi nzima. Milioni 6, mshikaji! Cunningham, alipopata njia, akapanda hadi wastani wa pointi 26.1 na pasi 9.1 za kufungia, akaitwa kwenye mechi ya nyota. Mwaka mpya wa 2025, Januari mosi, Ivey akavunjika mguu. Timu ya mwaka uliotangulia ingekufa siku ile ile. Hii haikufa, maana kulikuwa na wakubwa wa kuibeba, na mwezi wa Februari wakamuongeza Dennis Schröder, mzee wa kutuliza mambo. Wakamaliza na ushindi 44, wamefungwa 38. Kutoka 14 hadi 44 kwa mwaka mmoja, na watoto ni walewale.

Nilimuuliza mshikaji wa Don Bosco, je, vijana walikuwa vimeo? Akasema, "Kumbe walikuwa wapweke tu." Sikuwa na la kuongeza.

Huko kwenye mtoano walikutana na New York Knicks. Wakati huo Detroit walikuwa wamefungwa mechi 14 mfululizo za mtoano, tangu 2008. Wakafungwa ya kwanza. Tarehe 21 Aprili 2025, ndani ya Madison Square Garden kwenye kelele za watu wa New York, wakashinda ya pili 100 kwa 94. Cunningham alitia 33. Lakini mtupo wa pointi tatu uliowaweka mbele, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, nani aliurusha? Schröder. Yule mzee wa Februari. Mwishowe Knicks waliwatoa 4 kwa 2, na sikusikia mtu akiimba timu iuzwe.

Sitaki kudanganya mtu kwamba dawa hii haina machungu. Mtu mzima wa mkataba wa mwaka mmoja ni mpangaji, mwenye nyumba hawezi kumzuia. Kiangazi cha 2025 Hardaway alikwenda Denver, Schröder akaenda Sacramento, Beasley naye hakurudi. Detroit wakarudi sokoni upya, wakamtoa Duncan Robinson Miami ili atupie kutoka mbali, wakamsaini na Caris LeVert. Kutafuta kaka wa kuwasimamia wadogo kumbe ni kazi ya kila mwaka, na wala haina sherehe ya kuvaa kofia jukwaani na kupigwa picha kama drafti.

Nafasi imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Wiki ijayo nitawarudishia mambo yenu ya soka, msininunie. Kila la heri.