Nyufa zipimwe, zisibishaniwe

Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera. Watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato zikafungwa. Mtikisiko ulifika hadi Mwanza. Ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Bulyanhulu, usijidanganye kwamba uko mbali.

Huku kuna pia mtikisiko wa baruti za migodini. Mgodi wa Bulyanhulu huchimbwa chini kwa chini, zaidi ya kilomita moja ardhini. Mgodi wa Geita umelipua pia miamba kwenye mashimo ya wazi, na wakazi wa Katoma na Nyamalembo, jirani na mgodi huo, wamelalamika kwa miaka kwamba nyumba zao zinapasuka. Katika mabishano ya namna hii upande mmoja hulaumu baruti, mwingine hulaumu fundi.

Wote wanaweza kuwa na hoja. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na linta wala nondo hupasuka hata bila mlipuko, hasa ikijengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Kuutazama ufa kwa macho hakumalizi ubishi.

Kipimo kinaweza kuumaliza. Kipima mtetemo kikifukiwa kando ya nyumba huandika ardhi imetikisika kwa milimita ngapi kwa sekunde, na saa ngapi. Cha pili kikifungwa juu ya ukuta, huonyesha jengo limeuzidisha mtikisiko huo mara ngapi. Mlipuko hutikisa upesi na kuisha. Tetemeko kubwa la mbali huyumbisha taratibu na kwa muda mrefu zaidi. Rekodi huvitenganisha.

Tunataka Tume ya Madini iagize vifaa hivyo viwekwe kwenye nyumba na shule za Kakola, kando ya Bulyanhulu, na za Katoma na Nyamalembo, si ndani ya uzio wa migodi tu. Nyufa zilizopo zipigwe picha na kupimwa upana sasa, ili mpya zijulikane. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini isimamie, maana mgodi hauwezi kujipima wenyewe na kujitolea hukumu. Vipimo vibandikwe ofisi za vijiji na mitaa kila mwezi.

Kipimo kikiusafisha mgodi, wananchi waelezwe wazi, na halmashauri iwafundishe mafundi kufunga linta kuzunguka nyumba nzima. Kikiutia hatiani, fidia ilipwe bila kuundiwa tume nyingine.