Nyuki Mweusi Katika Boriti Zetu



Msimu wa kuchuma unakaribia, na kila mwenye shamba sasa analitazama dago lake: makuti yanavuja wapi, jamvi lipi limechakaa, ngazi ipi bado yafaa kupandiwa. Katika kutazama huko wengi wenu mtakuta boriti na mbao za paa zimetobolewa matundu ya mviringo, upana wa kidole, kana kwamba seremala amepita na keekee yake. Aliyefanya kazi hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mvumo mzito, ambaye vitabuni huitwa nyuki-seremala. Wanachama kadha wa kadha wametuuliza ni dawa gani inunuliwe ya kumwua. Sisi twaona dawa isinunuliwe kabisa, na hapa twaeleza kwa nini.

Kwanza asichanganywe na mchwa. Mchwa hula mti, lakini nyuki huyu hali hata chembe ya mti. Jike hutafuna mbao ili apate nyumba, na unga wake huutupa nje, ndio ule mnaouona sakafuni asubuhi. Akiisha kuingia kidogo hukata kona na kufuata urefu wa mbao. Humo ndani hugawa vyumba; katika kila chumba huweka donge la unga wa maua lililochanganywa na utamu wa maua, hutaga yai moja juu yake, kisha huziba. Tundu moja haliangushi nyumba. Hatari ni kwamba wanaozaliwa humo hupenda kurudi pale pale na kurefusha njia za mama zao, mwaka baada ya mwaka, hata boriti ambayo kwa nje ni nzima ikawa ndani ni kama filimbi. Maji ya mvua nayo huingia, na uozo hufuata.

Tuliyafikiri haya zaidi tulipokwenda bara, mkoa wa Kagera, kutazama ufugaji wa nyuki wa asali katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Ni mbali, na mtu wa kisiwani huchoka kuona nchi isiyo na bahari, ingawa Ngara ina mto Kagera na maporomoko ya Rusumo, na migomba yake haina haya mbele ya migomba yetu. Huko mizinga ya magogo hutundikwa juu ya miti. Mwenyeji wetu wa Biharamulo, mzee aliyefuga nyuki maisha yake yote, alitupeleka kwenye kibanda anachowekea mizinga mitupu. Tulipoinua macho tulikuta boriti zote za kibanda zina matundu! Tukacheka, naye akacheka.

“Mzee wetu,” tukamwambia, “wewe fundi wa nyuki, mbona huyu amekushinda?”

Akajibu, “Hakunishinda, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyechoma magogo yake yote jikoni. Alikuwa aende wapi?”

Akatuambia pia kwamba jirani yake alinyunyiza sumu katika paa la jiko. Nyuki wakafa, lakini matundu yakabaki wazi, na msimu uliofuata wakaingia wengine. Faida ya jirani yule ikawa kulala njaa usiku mmoja, kwa kuwa chakula kilichokuwa jikoni hakikulika.

Neno la mzee yule juu ya magogo halikututoka. Nyuki huyu makao yake ya asili ni mti mkavu: tawi lililokufa, kisiki, gogo lililoanguka, na wako wengine waingiao katika mianzi. Mahali ambapo kuni zimekwisha, mti mkavu pekee unaobaki umesimama ni nyumba ya mtu. Ngara wanajua kuni kwisha ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco, na miti ya vilima vya jirani ikakatwa kwa kupikia. Nani angewalaumu? Lakini sisi visiwani hatukupata mkimbizi hata mmoja wa namna ile, na bado mkarafuu ukifa tu hung’olewa ukawa makaa kabla ya majani yake kuanguka. Kisha twashangaa nyuki kuja darini.

Mtu atasema: karafuu yangu huichuma ikiwa haijafunguka, nyuki wanihusu nini? Ni kweli, karafuu haimwombi nyuki kitu. Lakini mwanachama gani aishi kwa karafuu peke yake, na mwaka mbaya ukija? Wenye pasheni wajue kuwa ua lile ni kubwa, nyuki mdogo wa asali mara nyingi huchukua utamu wake bila kugusa panapotakiwa, lakini huyu mweusi mgongo wake huenea sawasawa, na pasheni ya manjano haizai vizuri bila ya kuletewa unga kutoka mche mwingine. Ukimwua, itakubidi ushike unyoya, uende ua kwa ua kila alasiri.

Tena sumu inyunyizwayo darini hushuka. Chini ya paa lile mna makanda ya karafuu kavu na majamvi yaliyokunjwa. Kadhalika tusipake oili chafu ya magari, kama wafanyavyo wengine: karafuu hushika harufu upesi, na mnunuzi ana pua.

Basi tufanyeje? Mbao laini kama msonobari zipakwe rangi ya mafuta pande zote, hasa vichwa na upande wa chini, kwani nyuki hupendelea mti mkavu usio na rangi. Matundu ya zamani yazibwe kwa kijiti kilichopakwa gundi, kisha rangi juu yake. Lakini msizibe na mwenyewe yumo, maana atatoboa mlango mwingine. Tazameni siku kadhaa mpaka hakuna aingiaye wala atokaye. Na aliye na gogo kavu aliache nyuma ya nyumba, mahali pasiponyeshewa. Watoto waambiwe kuwa dume hana mwiba kabisa, na jike huuma akishikwa tu.

Ngazi ndiyo hatuna subira nayo. Ngazi yenye tundu hata moja isipandwe mkarafuu, wala isizibwe na kupakwa rangi ikaonekana mpya. Ipasuliwe iwe kuni, hata kama mchumaji atanung’unika kuwa aliizoea. Boriti ikilia mtu husikia na kukimbia. Aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia.

Nyuma ya banda letu la majamvi tuliweka gogo la mwembe tuliporudi kutoka Biharamulo. Hivi sasa lina matundu matano. Mbao za paa tulizozipaka rangi hazijaguswa, ila moja ambayo fundi aliisahau upande wa juu, na huko ameshaingia.