Mambo ya Mifugo: Farasi Mwenye Kamasi Zisizokoma

Farasi hawezi kuvuta pumzi kwa kinywa kama wafanyavyo wanyama wengine. Mbwa akichoka hutweta ulimi ukiwa nje, bali pumzi zote za farasi hupita puani, awe amesimama zizini au anakimbia kwa nguvu zake zote. Kwa sababu hiyo kila kitu kitokacho puani mwake chastahili kutazamwa vema. Maji mepesi kidogo, yanayodondoka asubuhi ya baridi au baada ya kazi, si ugonjwa. Lakini kamasi nzito za rangi ya manjano, zinazokauka kwa juma moja au mawili kisha zikarudi, zina asili yake, nayo isipotafutwa hazitakoma.

Katika Kenya wenye farasi si wengi. Wengi wao ni watu wa mashamba makubwa ya Bonde la Ufa na wa uwanja wa mashindano wa Ngong, Nairobi. Wenye punda ndio wengi, tangu Lamu mpaka nchi ya Wamasai, na kichwa cha punda kimeumbwa kwa jinsi ile ile. Basi mwenye punda naye asiyapuuze maneno haya.

Mara nyingi habari huanza hivi. Saisi aona usaha katika pua ya mnyama, amwarifu bwana wake, na farasi apigwa sindano za penisilini kwa siku tano. Kamasi zakauka, watu wafurahi. Baada ya majuma matatu zarudi. Huletwa dawa nyingine, ya bei kubwa kuliko ile ya kwanza, nayo hufanya kama mwenzake. Ikifika miezi minne au mitano, mwenye mali husema kwamba mnyama huyu ana mafua ya maisha, akaanza kumtafutia mnunuzi. Dawa haikuwa mbaya. Iliua vijidudu ilivyoweza kuvifikia, lakini maskani ya vijidudu hayakuguswa. Ni kama mtu afutaye maji sakafuni kila asubuhi ya masika, wala hapandi juu kuziba bati linalovuja.

Swali la kwanza la daktari wa mifugo ni hili: usaha hutoka katika mwanzi mmoja wa pua, au katika yote miwili? Ndani ya pua mna ukuta uendao nyuma mpaka karibu na koo. Kitu kinachoanzia mbele ya mwisho wa ukuta huo hutoka upande wake tu. Kinachotoka mapafuni au kooni kwa kawaida hutoka pande zote mbili. Swali hilo moja laweza kuokoa fedha nyingi, na ajuaye jibu lake ni saisi. Kwa bahati mbaya saisi mwenye bidii humpangusa farasi pua kabla bwana hajafika, na kwa adabu hiyo njema ushahidi hupotea. Heri aachwe bila kupanguswa mpaka mtu aone ni upande gani, ni rangi gani, na kama una harufu. Yafaa pia iandikwe kwamba huzidi wakati gani: baada ya mbio, au farasi ainamapo kula chini.

Yakiwa yote miwili, na farasi akakohoa bila homa, yafaa kwanza kutazama chakula chake. Majani makavu yenye vumbi na ukungu hudhuru mapafu ya farasi wengi, hasa waliofungiwa mahali pasipo hewa. Hao hawahitaji sindano mbele ya yote. Wahitaji majani yaliyoloweshwa maji na siku nyingi za kukaa nje malishoni. Lakini kama katika kamasi mna chembe za chakula, na farasi anyosha shingo kwa taabu, huenda chakula kimekwama katika umio. Hapo asipewe kitu chochote, na daktari aitwe saa ile ile.

Kuna tena ugonjwa wa majipu ya koo, unaoenea kutoka farasi hata farasi kwa pua, ndoo za maji na mikono ya watu. Si ugonjwa mgeni: Jordanus Ruffus, aliyewatunza farasi wa Kaisari Frederick II, aliuandika mwaka 1251. Farasi hushikwa na homa, tezi za chini ya taya huvimba na kupasuka, na walio wengi hupona. Taabu ni kwamba si wote wapatao afya husafika. Nyuma ya taya farasi anayo mifuko miwili ya hewa, mmoja kila upande, na usaha huweza kubaki humo hata ukakauka ukawa vidonge vigumu kama goroli. Mnyama wa namna hiyo hung'aa manyoya, hula vizuri, labda hutoa kamasi kidogo mara kwa mara, naye huweza kuwaambukiza wenzake kwa miezi, hata miaka. Watu hushangaa ugonjwa umeingiaje zizini ilhali hakuna farasi mgeni aliyeletwa. Daktari humtambua kwa kupitisha puani mrija mwembamba wenye taa na kamera mpaka ndani ya mfuko, akaosha na kupeleka maji yale yapimwe.

Mifuko hiyo ina hatari nyingine. Katika ukuta wake hupita mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani, na ukungu huweza kuota juu yake na kuula. Farasi aliyesimama kimya zizini, asiyekimbia wala kupigwa, akitokwa na damu puani, asingojewe mpaka kesho. Damu kidogo ya leo huweza kufuatwa baada ya siku chache na damu nyingi isiyozuilika, na mnyama akafa.

Haifai pia kusahau glandasi, ugonjwa ambao vijidudu vyake vilitambuliwa mwaka 1882 na Löffler na Schütz huko Ujerumani. Umeondolewa katika nchi nyingi, lakini haujakwisha duniani. Dalili zake ni usaha wa kunata, vidonda ndani ya pua, na uvimbe mgumu chini ya ngozi. Nao huwapata wanadamu na kuwaua. Mwenye kuona vidonda hivyo asitie vidole puani mwa mnyama. Amtenge, aoshe mikono, na kupeleka habari kwa ofisi ya mifugo.

Sasa yabaki mwanzi mmoja tu, wenye usaha unaonuka. Hapo wazo la kwanza la daktari ni meno. Farasi ana magego sita kila upande wa taya la juu. Mizizi ya yale ya nyuma imezama katika mfupa, chini ya vyumba vya hewa vilivyomo usoni, na kilichotenga mzizi na chumba ni mfupa mwembamba tu. Gego likioza mzizini, usaha huvuja juu chumbani, ukajaa, kisha ukamwagika puani. La nne, ukihesabu kutoka mbele, ndilo lipatwalo zaidi. Daktari hugonga uso wa farasi kwa vidole na kusikiliza: upande mzima hulia kama debe tupu, ule mwingine kama debe lenye maji, ingawa dalili hiyo peke yake haitoshi. Hufungua kinywa kwa chuma maalumu, akatazama kila gego kwa taa na kioo. Kisha hupiga picha ya eksirei, kwa kuwa gego laweza kuonekana zima kinywani na mzizi wake umekufa. Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani farasi huingizwa kichwa katika mashine ya skani hali amesimama.

Uangalifu wote huu una sababu. Si kila chumba kilichojaa usaha kimejazwa na jino. Huenda ni mabaki ya mafua, au uvimbe unaoota ndani. Na gego la farasi mzima likiisha kung'olewa halioti tena. Aliyeng'oa lisilo na ugonjwa amemtia mnyama hasara mbili, kwani bovu bado limo.

Likijulikana kwa hakika, farasi hupewa dawa ya kumtuliza na ya ganzi, naye hubaki amesimama. Gego hulegezwa polepole, labda kwa saa nzima au zaidi, mpaka litoke kwa kinywa. Shimo huzibwa ili chakula kisipande juu, na chumba huoshwa kwa maji ya chumvi kwa siku kadhaa, kupitia tundu dogo lililotobolewa katika mfupa wa uso. Usaha hupungua, ukabadilika kuwa maji, ukakauka. Baada ya hapo imebaki kazi moja ya miaka yote: gego la chini lililokuwa likisagana na lile lililotolewa halina mwenzake tena, nalo huendelea kupanda, kama milimeta mbili au tatu kila mwaka. Daktari alikate kwa tupa kila baada ya miezi sita, lisije likachoma ufizi wa juu.