Mgonjwa wa Umwe na Jua la Oslo

Mvua za masika zikishika bonde la Rufiji, hapa Umwe husikii kingine: "Fulani karukwa na akili tena, msimu wake umefika." Siku hizi maneno hayo yamevishwa koti la daktari. Eti jua limepungua, serotonini ya damu, kemikali inayohusishwa na hisia, imeshuka, akili imeyumba.

Tuanze na hilo jua. Umwe ipo nyuzi 8 hivi kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu kabisa, ya Desemba, inaizidi ile fupi ya Juni kwa dakika 56 tu. Oslo, mwanga wa Desemba haufiki saa 6, na wa Juni hukaribia saa 19. Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza sonona ya msimu mwaka 1984, walikuwa Marekani, kwenye giza la majira ya baridi. Tena Juni, siku zinapokuwa fupi, mvua imeshaondoka na watu wako kwenye mlau, kilimo cha maji ya mafuriko yakishashuka. Hesabu haikubali.

Wapo wanaotaja utafiti wa Australia wa mwaka 2002. Ni wa kweli, na ulikuta serotonini ya ubongo ikifuata jua. Lakini waliopimwa ni wanaume 101 wenye afya, na damu ilichotwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni unaotoka kichwani. Si ya mkononi, wala si ya wagonjwa.

Maana serotonini ya mwili, kiasi cha asilimia 90, hutengenezwa tumboni. Iliyomo kwenye damu hubebwa na chembe sahani, zile za kugandisha kidonda, na haivuki kuingia ubongoni. Ndizi mbivu nayo inayo; maliza chane nzima, ubongo hautaambulia kitu. Maabara huipima daktari akishuku aina fulani za uvimbe. Anayekutoza fedha akupimie wazimu kwa damu hiyo, mwombe akurudishie.

 

Lakini wanaosema mgonjwa hubadilika masika hawaoti. Kosa lao ni kutazama mbinguni na kuacha kutazama dungu. Mpunga ukianza kuzaa, familia huhamia shambani, kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Usiku nguruwe hawa hapa, kiboko yule kule. Debe linagongwa, moto unachochewa, watu wanalala vipandevipande. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, siku chache za kukesha zaweza kumpandisha. Na vidonge? Mafuriko kama ya Aprili 2024, yaliyoingia Rufiji na Kibiti, hukata njia. Vikiisha, vitafuatwa na nani? Juu yake kuna malaria: homa ikipanda kichwani mtu huweweseka, jirani akasema amerudiwa na yake, kumbe angepimwa malaria kwanza.

Limebaki moja, na ndilo baya kuliko yote: "Kiangazi yu mzima, aache dawa." Mara nyingi yu mzima kwa sababu anazimeza. Kuziacha ni kazi ya kuzungumza na daktari, si ya kuangalia mawingu.

Kama mgonjwa wako anahamia shamba mwezi huu, mchukulie dawa za kutosha kabla barabara haijakatika, na zamu ya usiku ya kuamia nguruwe apewe mwingine.