Acheni Kusema "Wema Hawana Maisha"

Tarehe 17 Januari, kwenye kijiwe cha kahawa jirani na Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, mtu mmoja alikumbusha kwamba siku kama ile ndiyo aliyouawa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mzee anayeheshimika sana pale kijiweni akashusha pumzi: "Ndiyo hivyo wanangu, wema hawana maisha." Vichwa vikatikiswa. Mwingine akadakia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Muuza kahawa akajaza vikombe, kashata zikapita, na mazungumzo yakahamia kwa Simba na Yanga.

Nikasema, "Mzee wangu, yule alikuwa na miaka 35, na alipigwa risasi." Akanijibu, "Mwanangu, usibishane na kudra."

Sibishani na kudra. Nabishana na tabia yetu ya kumsafisha muuaji kwa maji ya msiba. Aliyeuawa ana muuaji. Ukisema "wema hawana maisha" umemfuta muuaji, umefuta aliyemtuma, na umemsingizia Mwenyezi Mungu.

Tazameni hiyo inayoitwa kudra. Lumumba na wenzake, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipelekwa jimbo la Katanga kwa ndege huku wakipigwa njia nzima. Usiku huohuo wakapigwa risasi, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo na kiongozi wa jimbo hilo, Moïse Tshombe, mwenyewe akitazama. Kisha polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akaikatakata miili na kuiyeyusha kwa asidi, akajiwekea jino la Lumumba. Februari 1961 waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, akautangazia ulimwengu kuwa wanakijiji ndio waliowaua. Jino hilo lilikabidhiwa kwa familia Juni 2022. Kudra gani hiyo inayobeba asidi na kuficha jino kwa miongo kadhaa?

Wala tusiseme hayo ni ya Kongo. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa chama cha ukombozi wa Msumbiji, Frelimo, alichukua barua zake katika ofisi ya chama hicho, Mtaa wa Nkrumah, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Akaenda nazo kwenye nyumba ya rafiki, Oysterbay. Ndani ya kifurushi kimoja mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Kuna mtu aliyetengeneza bomu lile, na kuna mtu aliyelifunga na kuandika anwani. Aliyeuawa ana muuaji! Tulimzika Kinondoni, na leo ukimtaja mtaani unaambiwa, "Alikuwa mtu mzuri, hakujaliwa umri."

Hakujaliwa? Alinyang'anywa.

Na huo msemo wenyewe ni uongo mtupu. Nyerere alifariki akiwa na miaka 77. Mandela alifika 95, Kaunda 97. Bibi Titi Mohamed, aliyehamasisha akina mama wa mji huu kuingia TANU, alifariki mwaka 2000 akiwa ameshavuka 70. Je, hawa walikuwa wabaya? Wema wana maisha marefu tu, pale ambapo hakuna aliyewatumia bomu.

Halafu kuna wahubiri wa vipaza sauti, wale wanaotunyima usingizi mpaka usiku wa manane, wanaosema Mungu huchuma kwanza ua zuri bustanini. Nimelisikia hilo misibani mpaka limenichosha. Basi na askari waliofyatua risasi ni watunza bustani wa Mungu? Tuwashukuru? Anayehubiri hivyo aende akaiambie familia iliyosubiri jino la baba yao kwa miaka 61.

Ubaya mkubwa zaidi ni kile tunachowafundisha watoto. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba wema hawana maisha, atajifunza nini? Atajifunza kunyamaza, akiona mtendaji anakula fedha za soko atageuza uso, na mama yake atamsifu kwa busara. Ndiyo maana mikutano ya mtaa inajaa watu wanaokubali kila kitu. Tumewalea kwa hofu, tukaipa hofu jina la imani.

Na biashara nayo imeingia humo. Pitia mitaa ya Kongo na Msimbazi pale Kariakoo uone fulana za mashujaa waliouawa, sura kubwa kifuani. Mwulize muuzaji nani alimuua huyu, atakuambia, "Bosi, chukua, nakupunguzia." Simlaumu, anatafuta riziki. Nawalaumu walimu wa historia wanaomkaririsha mtoto tarehe ya kifo bila kumwambia nani alikuwa na bunduki.

Wenzetu wamewahi kuonyesha njia. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Bunge la Kenya liliunda kamati, na kamati hiyo ikataja majina ya wakubwa wa polisi. Ubelgiji nayo, baada ya uchunguzi wa bunge lake, ilikiri dhamana ya kimaadili kwa mauaji ya Lumumba na mwaka 2002 ikaomba radhi. Haikufika hapo kwa kuugua na kutikisa kichwa. Ilifika kwa sababu kuna watu, familia ya Lumumba ikiwamo, waliokataa kuliita jambo hilo kudra na wakauliza nani, kwa amri ya nani, kwa faida ya nani.

Basi mwakani, tarehe 17 Januari ikifika, atakayesema mbele yangu "wema hawana maisha" nitamtaka anitajie kwanza Tshombe, Munongo na Soete. Akishawataja, ndipo tumwombee marehemu.