Pumu ipimwe, isikisiwe
Mgonjwa wa pumu anayepewa pampu ya bluu pekee, ile ya kutanua njia za hewa, hupata nafuu ya saa chache. Uvimbe ndani ya njia za hewa unabaki. Uvimbe huo unapimika. Mtu hupuliza kwenye kifaa kinachosoma gesi ya naitriki oksaidi: kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni huashiria uvimbe unaoelekea kuitikia steroidi ya kuvuta. Kifaa hicho ni ghali. Lakini hesabu ya eosinofili, chembe nyeupe zinazochochea uvimbe huo, imo katika kipimo cha kawaida cha damu, na mara nyingi hakuna anayeitazama! Minyoo nayo huzipandisha, kwa hiyo kinyesi kichunguzwe pia. Wizara ya Afya iagize namba hizo zisomwe, na pampu ya steroidi ifike hadi zahanati.